Kurasa Tatu za Kisasi cha Kaka

Banda lile lilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Wazungu wa mradi walifyeka pori la Nachingwea kwa makatapila, wakaleta reli, wakainua mabanda ya bati marefu kiasi kwamba mtu akipiga chafya mlango wa mbele, wa mlango wa nyuma hana habari. Karanga zikakataa. Wazungu wengi wakafunga mizigo, mabanda yakaachiwa popo. Kisha mwenye duka mmoja wa Kihindi akalichukua banda moja, akawatoa popo kwa moshi, akaziba matundu ya bati kwa magunia, akatundika shuka jeupe ukutani. Hivyo ndivyo sinema ilivyotufikia: ndani ya ghala tupu, saa tisa alasiri, kwenye joto la kuivisha mayai.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Nilikuwa nangoja barua ya kuniambia kama nimepata nafasi ya sekondari, na nilipelekwa kungojea kwa mjomba, kaka yake mama, huko Marambo, kwa sababu nyumbani kwetu Mbekenyera barua zilifika zikiwa zimechoka. Sasa nafasi nimeipata, niko bwenini, na haya nayaandika kutoka kwenye daftari la siku zile. Kuandika ndiyo namna yangu ya kusema. Mtu akinisalimia ghafla naitikia kwa kichwa, na akiwa msichana hata kichwa hugoma. Kwenye daftari lakini nasema mpaka kalamu inachoka.

Kaka yangu mkubwa alikuwa kwa mjomba tangu misimu mitatu nyuma. Alifyeka, alilima, alipanda mikorosho, alilinda mahindi. Kwetu, kijana akienda kulima kwa mjomba wake, na huyo mjomba ana binti, hakuna anayeuliza kijana analima nini. Halikuandikwa, halikutamkwa, hakuna aliyeapa. Lilikuwa linajulikana tu, kama njia ya kisimani inavyojulikana. Binti mwenyewe, binamu yetu, alikuwa msichana mwembamba mwenye maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa na ncha. Mimi nilikuwa namwogopa. Kaka sijui, kaka hakuwahi kusema lolote juu yake, na mimi sikuwahi kuuliza, maana nani anauliza njia ya kisimani?

Sinema yenyewe ilikuwa moja. Nasema hivyo kwa sababu tuliila kwa wiki sita, kama muwa kwa pingili. Mashine ya yule mwenye duka haikuweza kuvumilia joto la bati. Ikionyesha mikanda miwili ilianza kunuka, na fundi akiizima haiwashwi tena siku hiyo. Basi mwenye duka, mtu mwenye akili, alitangaza kwamba hii ni sinema ya sehemu, sehemu moja kila Jumamosi, na kwamba hata Bombei wanaitazama hivyohivyo. Sisi tukaona fahari.

Maneno ya kwenye sinema yalikuwa ya Kihindi. Karani wa duka alisimama pembeni ya shuka na fimbo, akitufasiria. Watu wale kwenye shuka wangeweza kusema kwa muda wa kutosha kumenya ndoo ya mihogo, halafu karani akagonga ukuta akasema, "Huyu amekasirika." Wakasema tena, mpaka jasho likatutoka. Karani: "Bado."

Lakini nani alihitaji maneno? Uso wa yule msichana wa kwenye shuka ulikuwa na ukubwa wa mlango. Macho yake yalikuwa kama nyungo mbili zilizoanikwa juani. Chozi lilianzia kwenye ukope, likakaa pale likitafakari, likateremka taratibu shavuni, na banda zima, wanaume kulia, wanawake kushoto, hakuna aliyepumua mpaka lilipofika kidevuni. Nimeona watu wakilia Mbekenyera tangu nizaliwe. Hakuna hata mmoja aliyelia vizuri namna ile. Kwetu mtu akilia na pua inashiriki.

Sinema haikuwa na rangi, ila hilo lilikuwa jambo la kurekebishika. Tulipotoka, kila mtu alikuwa ameshaipaka yake.

"Ile sari nyekundu ya kwenye ngazi umeiona?" mmoja aliuliza.

"Nyekundu wapi? Kijani kile, kijani cha mpunga."

"Wewe macho yako ya ugoro. Ni zambarau," alisema mama mmoja aliyeuza vitumbua nje ya banda, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na vitumbua, ikawa zambarau.

Niwe mkweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nilimpenda yule msichana wa kwenye shuka. Nilimwandikia kurasa nne. Nilizichana siku hiyohiyo nikazifukia nyuma ya choo.

Hadithi yake niliijua vizuri kuliko wengine, kwa sababu ndani ya mkebe wa mikanda mlikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyoeleza yote isipokuwa mwisho, na karani aliniazima nikaisoma kwa kamusi. Kijana mmoja, baba yake alidhulumiwa na kudhalilishwa na tajiri mpaka akafa kwa huzuni. Kijana akaapa kulipa kisasi. Akarudi kwa jina la uongo, akaingia nyumbani kwa tajiri kama mtumishi, akamfanya binti wa tajiri ampende, akipanga kumwaibisha baba mtu siku ya harusi, mbele ya watu wote. Kumbe naye moyo ukamponyoka, akampenda kweli. Hivyo kila akimtazama yule binti, jicho moja lilitaka kumwangamiza na la pili lilitaka kumshika mkono. Uzuri wote wa ile sinema ulikuwa kati ya yale macho mawili.

Hiyo ni hadithi ya kwenye karatasi. Ndani ya banda ilionekana nyingine kabisa. Watu walitazama kijana anayeishi kwa mzee mwenye mali, anamfanyia kazi, anakula kwake, na anamtolea macho binti yake. Hawakuhitaji karani.

"Huyo mzee ni mjomba wake," alitangaza mama wa vitumbua sehemu ya kwanza.

"Ndiyo, mjomba. Tazama anavyomtuma."

"Na kijana mvumilivu! Mtoto kalelewa."

"Atapewa tu huyo binti. Atampa nani mwingine?"

Tangu hapo haikurekebishika. Kijana aliposaga meno gizani akikumbuka kaburi la baba yake, watu walisema kazi imemchosha. Baba mwenyewe hawakumwelewa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama; baba ni mtu wa ukoo mwingine, kisasi chake wangelipa wapwa zake. Aliposhika kisu akakitazama kwa dakika nzima, mwanga ukicheza kwenye makali, nyuma yangu mtu alisema, "Wanachinja leo, kuna ugeni." Ningeweza kusimama nikawaeleza. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Niliyemweleza alikuwa kaka peke yake, njiani kurudi Marambo. Alicheka.

"Yaani anafanya yote hayo kwa ajili ya kisasi? Si angempiga ngumi tu arudi kwao?"

Hiyo ilikuwa sehemu ya pili. Kabla ya sehemu ya tatu, mjomba alituita barazani akatuambia kwamba dereva wa trekta, mmoja wa wale waliobakia baada ya mradi, anataka kuleta barua ya posa. Alisema kama anayetaja hali ya mvua. Kijana mwenye kazi, mwenye baiskeli, mwenye adabu. Wazee wake watakuja Jumapili ya tatu kuanzia siku ile, na mama yetu ataitwa kutoka Mbekenyera, maana jambo kama hilo halikatwi bila dada yake.

"Mnasemaje, wapwa zangu?" aliuliza.

Mimi nilitikisa kichwa namna isiyo ndiyo wala siyo. Kaka alisema, "Hewala, mjomba," akachukua jembe akaenda shamba. Alilima mpaka giza. Alilima hata mahali palipokwisha kulimwa.

Jumamosi iliyofuata hakucheka bandani. Alikaa mbele kabisa, mdomo wazi, kama mtu anayesikiliza mawaidha. Kijana wa kwenye shuka aliegemea nguzo, nusu ya uso kwenye mwanga, nusu gizani, moshi wa sigara ukimpanda taratibu, akimtazama mzee kwa jicho la nusu. Kaka naye akalipunguza jicho lake likawa nusu. Nilimwona.

Kuanzia Jumatatu tulikuwa na kisasi nyumbani. Kaka alinunua miwani myeusi na kichupa cha mafuta ya nywele. Alipiga pasi ya mkaa shati lake jeupe mpaka likasimama lenyewe. Jioni, badala ya kukaa na sisi kumenya karanga, alienda kusimama ukingoni mwa uwanja, akaegemea mkorosho, akamtazama mjomba. Shida ni kwamba mikorosho ile aliipanda mwenyewe misimu mitatu tu iliyopita. Mti ukapinda. Akahama, akaegemea wa pili. Nao ukapinda.

"Mpwa!" mjomba aliita toka barazani. "Usiegemee, bado watoto hao!"

Kaka aligeuka polepole. Hilo alikuwa amelifanyia mazoezi. Niliwahi kumkuta stoo akigeuka, akarudi, akageuka tena.

Siku ya pili mjomba aliniita kando. "Kaka yako anaumwa macho?"

"Sijui, mjomba."

"Miwani jua limezama, na anageuka kama shingo imekaza. Mwambie mke wangu amchemshie majani. Asione haya, macho ni kitu cha kutibiwa mapema."

Kaka alikunywa yale majani. Angefanya nini? Kijana wa kwenye sinema hakuwahi kuletewa bakuli la dawa chungu na mke wa adui yake, akasimamiwa mpaka amalize.

Nimefikiri sana kwa nini kisasi kile cha kwenye shuka kilipendeza hivyo. Naona ni kwa sababu mwenye kisasi pale ana nafasi. Hafukuzi nyani. Nguo zake hazina jasho. Anaweza kusimama dirishani mvua ikinyesha, na mvua yenyewe inapigiwa zeze. Kwetu mtu akikuudhi leo, kesho mko pamoja kwenye mstari mmoja wa palizi, naye ndiye aliyeshika kibuyu cha maji. Unamwomba maji. Anakupa. Hasira ikimwagiwa maji ya kibuyu kila siku, inabaki na sura gani? Kaka alijitahidi. Alikuwa akipokea kibuyu kwa jicho la nusu.

Binamu naye alikuwa akienda sinema, upande wa wanawake. Siku moja katikati ya wiki alikuwa uwanjani anapepeta mtama, mimi nimekaa karibu nachambua mbegu. Kaka akaja na miwani yake, akasimama. Hawakuruhusiwa kuwa wawili peke yao, ila mimi nilikuwa sihesabiwi.

"Siku ile wazee wakija," kaka alisema kwa sauti nzito aliyoiokota bandani, "baba yako atajua mimi ni nani."

Binamu hakuacha kupepeta. "Hakujui? Si mtoto wa dada yake?"

"Atanijua vizuri. Nitayasema yote mbele ya watu. Atatafuta pa kuficha uso."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Akishaficha uso, halafu?"

Kaka akashika miwani.

"Kila siku baba, baba," alisema binamu. "Unamtazama baba, unamsimamia baba, unamvalia baba shati la pasi. Basi kamwoe baba."

Mimi nilicheka. Ilinitoka bila ruhusa. Kaka akanitazama kwa macho yote mawili, akaondoka. Binamu alibaki na ungo wake, na nilipomwibia jicho, hakuwa anacheka. Alikuwa kama mtu aliyegonga mlango na kusikiliza kama kuna watu ndani.

Ningejua kusoma watu kama ninavyosoma karatasi, ningemkimbilia kaka nikamwambia, rudi ukaitike. Nilirudi kwenye mbegu zangu.

Jioni ileile kaka alinifuata na kalamu yangu mkononi. Yeye aliishia darasa la nne. Alisoma polepole, akipita na kidole.

"Niandikie maneno ya kusema siku ile. Makali. Kama ya yule kijana."

"Ya yule kijana yalikuwa Kihindi. Hatukuyaelewa."

"Uso wake ulisema. Andika uso wake ulivyosema."

Sijawahi kupewa kazi niliyoifurahia kama ile. Kaka alitembea huku na huku akitaja makosa ya mjomba, nami nikiyavika nguo. Alisema, "Nilichimba mashimo ya mikorosho." Niliandika, "Kwa mikono hii, ewe mjomba, niliipasua ardhi yako ngumu." Alisema, "Nguruwe." Niliandika kuhusu usiku wa mvua juu ya dungu, nikilinda mahindi dhidi ya nguruwe wenye meno kama majambia, hali wewe ukikoroma. Alisema, "Ule mguu nilioukata na shoka." Hapo nilijipa mistari minane. Tulijaza kurasa tatu. Ya mwisho iliishia kwa maneno, "Na leo, mjomba, ndivyo unavyonitenda!" Chini yake, kwa sababu niliona kwenye ile karatasi ya sinema mambo yameandikwa hivyo, niliongeza ndani ya mabano: anamtazama, ananyamaza, anageuka polepole, anaondoka.

Kaka alijifunza yote kwa moyo, pamoja na mabano.

Sehemu ya tano ilionyeshwa Jumamosi, siku moja kabla ya posa, na ilikuwa sehemu ya harusi. Hata mwenye duka asingeweza kupanga hivyo kwa makusudi. Maua yalijaa shuka zima, kila mtu akapaka lake. Kijana akaingia katikati ya shughuli, muziki ukakatika, watu mia wa kwenye shuka wakageuka pamoja. Akasema, akasema, akasema, mkono ukimwelekea mzee. Mzee akashika kifua. Binti akatoa shela usoni, akamtazama kijana, na lile chozi likaanza safari yake. Kisha mashine ikanuka, fundi akazima, madirisha yakafunguliwa.

"Huyu amekasirika," karani alimalizia.

"Mjomba amekubali!" alipiga kelele mama wa vitumbua. "Hamjaona alivyoshika moyo kwa furaha?"

Mama alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Mbekenyera kupitia Ruangwa, juu ya magunia ya ufuta kwenye lori, nguo zake zikinukia mafuta. Usiku kabla ya kulala alimuuliza kaka mbele yangu, "Mwanangu, una neno?"

"Nitalisema kesho."

"Si uniambie mimi leo, nikamwambie kaka yangu polepole? Bado hajajibu barua yoyote. Mimi ni dada yake. Nikisema, anasikia."

"Kesho, mama. Mbele ya watu."

Mama akavuta shuka, akajifunika.

Wazee wa dereva walikuja watatu, wakakaa kwenye mkeka barazani. Barua ilikuwa kwenye sinia, imefunikwa leso. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, mimi nyuma ya nguzo, mama karibu na mlango wa ndani. Wanawake na binamu walikuwa chumbani, mlango umerudishwa tu. Salamu zikaenda zikarudi: mvua, ufuta, magoti. Mzee mmoja ndiyo kwanza anafungua mdomo kuingia kwenye neno lenyewe, kaka akatokea.

Alijipanga vizuri, siwezi kumnyima hilo. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yake. Shati lilimeta. Nywele zilimeta. Aliacha muda upite.

"Mpwa," alisema mjomba, "umekanyaga mwiba? Kaa."

Kaka hakukaa. Akaanza. "Kwa mikono hii, ewe mjomba..."

Sijawahi kusikia maneno yangu yakisemwa na mtu mwenye kifua. Nilisisimka mpaka miguuni. Alisema mashimo ya mikorosho. Wazee wageni wakatazamana. Mjomba akatikisa kichwa.

"Kweli," alisema. "Mashimo kachimba huyu, peke yake."

Kaka akasita kidogo. Kwenye sinema mzee hakuitikia. Akaendelea na pori alilofyeka.

"Kweli kabisa," mjomba aliwaambia wageni. "Lilikuwa pori la kutisha."

Akasema dungu, mvua, nguruwe.

"Na siku ile alipomfukuza dume kwa kijinga cha moto mbona hasemi? Sema, mpwa, usione haya. Huyu kijana, wazee, ni jasiri."

Akafika kwenye mguu na shoka. Mjomba akainamisha kichwa. "Hilo liliniumiza mimi kuliko yeye," akasema taratibu, na ilionekana anasema kweli. Pale nilianza kutokwa na jasho nyuma ya nguzo, kwa sababu niliona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa naandika: mlango ulikuwa unafunguka. Mjomba hakuwa amefunga kitu. Alikuwa anamsikiliza mpwa wake akitaja kazi, moja baada ya nyingine, na kwetu mtu anayetaja kazi mbele ya mjomba anajulikana anaelekea wapi. Hata wazee wa dereva walishajua. Mmoja wao alikuwa ameanza kuivuta ile sinia polepole, kuirudisha upande wake.

"Na leo, mjomba," kaka alipaza sauti, "ndivyo unavyonitenda!"

Kuku mmoja alipita uwanjani.

"Yote ni kweli," alisema mjomba. "Hakuna uongo hata mmoja. Niliona unanyamaza misimu yote, nikadhani huna neno. Na nilipouliza ulisema hewala. Sasa tuko hapa, mama yako yupo, wageni ni mashahidi. Sema, mwanangu. Unataka nini?"

Kaka alifungua mdomo. Nikaona macho yake, pembeni ya miwani, yakinitafuta nyuma ya nguzo. Nilijua anatafuta ukurasa wa nne. Haukuwepo. Sikuuandika. Nilikuwa nimeandika mashimo, nguruwe, mvua, shoka, jembe na kukoroma kwa mjomba, na binamu hakuwemo hata kwa herufi moja. Ningetoka pale, ningesema neno moja tu, sauti ya mtoto mchanga ingetosha. Sikutoka.

Basi kaka akafanya kilichoandikwa. Akamtazama. Akanyamaza. Akageuka polepole. Akaondoka.

"Amekwenda wapi?" aliuliza mzee mmoja.

Mjomba alingoja. Aliangalia njia, akamwangalia mama, akangoja tena. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Dada, kamuulize mtoto."

Mama akaingia chumbani. Mlango aliuacha wazi kidogo, nadhani kwa makusudi. Kwetu msichana akiulizwa hivyo hunyamaza, na kimya chake ndicho jibu. Binamu hakunyamaza.

"Shangazi, nimesikia mashimo. Nimesikia nguruwe. Nimesikia dungu na shoka. Nilikuwa nasikiliza nijisikie na mimi. Yule wa trekta ameleta barua, na ndani ya barua nimo. Waambie nimekubali."

Nilimkuta kaka nyuma ya shamba, amekaa chini kati ya mikorosho, miwani ameivua ameiweka juu ya jani kavu.

"Wamesemaje?"

"Amekubali."

"Mjomba?"

"Binamu."

Alichukua udongo akausaga kwa vidole. "Alisemaje hasa? Kama alivyosema yeye."

Nikamwambia, neno kwa neno, maana hilo naliweza. Alisikiliza akiwa ameinama. Shati lake lilikuwa na mstari wa jasho mgongoni.

"Kwa nini hukumwandika?"

"Hukuniambia kitu juu yake."

"Ningekwambia nini?"

"Chochote."

Aliokota miwani, akaikunja. Nikadhani amemaliza mazungumzo. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe ambayo sikuisikia wiki mbili nzima, "Anapepeta macho yakiwa yamefumbwa. Umewahi kuona? Anafumba kwa sababu ya vumbi, lakini hata punje moja haidondoki. Mimi nilikuwa nazunguka njia ya mbali na jembe begani, nipite pale nimwone. Akifumbua anakuta mtu amesimama, anasema, 'Wewe huna kazi?' Misimu mitatu." Akageuza uso. "Andika hilo."

"Sasa hivi?"

"Andika."

Nilitoa daftari nikaandika juu ya goti. Ilikuwa mistari minne. Sikuipamba, sikuweka ewe.

"Soma," kaka alisema.

Nikaanza kusoma. Upande wa nyumbani wanawake wakapiga vigelegele, kwanza mmoja, kisha wote, ikabidi nisome kwa nguvu zaidi ili asikie. Nilipomaliza nilingoja vigelegele vitulie, nikamsomea tena.